Shajara ya mradi: hoteli ya kona ya Emmet na Ivy

Mei 2018

Daftari hili limeanza kwa sababu ya shemeji. Yeye ni mpima ardhi katika chuo kimoja huko nyumbani Tanzania, na chuo chao kina nyumba ya wageni ya zamani ambayo wakubwa wanataka ivunjwe, kiwanja kiendelezwe. Aliposikia kwamba hapa Charlottesville, Virginia, hoteli ya Cavalier Inn inabomolewa ili ardhi itumiwe na Chuo Kikuu cha Virginia, akanitumia ujumbe wa sauti saa tisa usiku (kwake ilikuwa asubuhi, watu wa nyumbani hawajali saa zetu): "Shemeji, wewe si unapita hapo kila siku na basi lako? Niandikie. Magazeti nitasoma mwenyewe, wewe nipe unachokiona."

Napita kweli. Zamu ikiwa ndefu napita mara nane. Na kabla ya usukani nilikuwa fundi sanifu majenzi Dar, kwa hiyo jicho la kuangalia nondo bado ninalo, hata kama mikono sasa inashika kitu kingine.

Nianze na ramani, maana bila ramani mpima ardhi hasomi. Emmet ni barabara inayoshuka kutoka kaskazini, tawi la barabara kuu namba 29. Ivy inatoka magharibi, tawi la namba 250. Zinapokutana ndipo penye hoteli, na nyuma yake inapita reli. Ukiingia mjini kwa barabara yoyote kati ya hizo mbili unaiona hoteli kwanza, kisha ndipo unauona uso wa chuo. Ukitembea kwa miguu kutoka hapo, dakika kumi na kitu, unafika Rotunda, lile jengo la kuba alilolichora Thomas Jefferson, ambalo pamoja na viunga vyake na nyumba yake ya Monticello liliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1987. Kwa ufupi, shemeji: chuo kilichoanzishwa mwaka 1819, mlangoni pake kuna hoteli ya barabarani ya miaka ya 1960 yenye maegesho ya lami mbele. Hata mimi ningeitolea macho.

Hoteli haina ugomvi na mtu. Wazazi wa wanafunzi wamelala hapo miaka zaidi ya hamsini. Inafunga baada ya msimu wa mahafali.

Juni 2018

Shemeji ameuliza swali la kikazi: hati ni ya nani?

Si ya chuo moja kwa moja. Ni ya UVA Foundation (UVA ni kifupi cha jina la chuo kwa Kiingereza), taasisi isiyotafuta faida iliyoundwa kukishikia chuo mali na ardhi. Ndiyo hiyohiyo yenye hoteli ya kitalii ya Boar's Head nje kidogo ya mji. Namna inavyofanya kazi ndiyo iliyonifungua macho. Kiwanja cha jirani kikiingia sokoni, taasisi inanunua. Haijengi. Inamwacha mpangaji aliyemo aendelee na biashara yake, inapokea kodi, inasubiri kiwanja kinachofuata. Miaka inapita. Siku moja ukitazama ramani, vile viraka vimekuwa kipande kimoja: kuanzia Emmet kuelekea magharibi, kati ya Ivy na reli, ekari 14.5.

Kwa hiyo Cavalier Inn ilikuwa kama mgomba uliopandwa shambani wakati mwenye shamba anasubiri mnazi ukue. Imelisha watu muda wote huo, lakini haikuwa ndiyo mpango.

Mgahawa wa jirani uliokuwa ukiuza mayai na chapati za maji za hapa (zile nene, zinazomwagiwa asali ya mti) nao unahama, unakwenda mbele zaidi kwenye Emmet hiyohiyo. Abiria wangu wa alfajiri wanalalamikia huo kuliko hoteli.

Kiangazi 2018

Uzio umezunguka. Halafu, kwa wiki kadhaa, kwa mtu wa barabarani hakuna kinachotokea, na abiria wananiuliza kama fedha zimeisha. Nawaambia kazi ndiyo hiyo inaendelea, ila iko ndani.

Hapa shemeji aandike kwa kalamu nyekundu. Jengo la miaka ya 1960 halivunjwi kwa pupa. Sheria ya Marekani inataka likaguliwe asbesto kwanza (yale madini ya nyuzi ambayo vumbi lake linaua mapafu), maana zama zile waliichanganya kwenye kila kitu: vigae vya sakafu, gundi ya vigae, vifuniko vya mabomba ya maji moto, dari. Ikipatikana, inalowanishwa, inatolewa na watu waliovaa mavazi maalumu, inafungwa kwenye mifuko ya plastiki nzito yenye alama, inakwenda kuzikwa kwenye jalala lililoruhusiwa. Umeme, gesi na maji vinakatwa kuanzia barabarani. Kukata swichi ya ndani peke yake hakutoshi. Madirisha, milango, mazulia na vyoo vinatoka. Kinachobaki ni zege na matofali yasiyo na siri.

Huko kwetu nimeshuhudia kinyume chake, kwenye mradi mmoja niliofanyia kazi kijana, sitautaja. Mabati ya asbesto yalishushwa kwa kuangushwa, pu! yakavunjika vumbi jeupe, na vibarua wakala chakula cha mchana juu ya rundo lake. Mimi nikiwa mmoja wao. Tulikula wali maharage. Nakumbuka kwa sababu tulicheka kwamba vumbi ni chumvi.

Siku kijiko kilipoanza kung'ata, nilikuwa nimesimama kwenye taa nyekundu. Hawakulipua. Kijiko kirefu chenye meno ya mkasi kilifika juu, kikabana ukingo wa sakafu, kikatikisa kama mtu anayejaribu jino la mtoto, halafu kikavuta. Zege likaja na nondo zake zikining'inia kama mizizi ya mhogo. Chini kulikuwa na mtu na mpira wa maji, kazi yake ni kunyeshea vumbi tu, asubuhi mpaka jioni. Kijiko kingine kidogo kilitenga: chuma huku, zege kule. Chuma kinauzwa, zege linasagwa kuwa kokoto za kushindilia. Taa ikawa kijani, gari la nyuma likapiga honi.

Upande ulipofunguka, vyumba vilikaa wazi kwa siku mbili hivi kama kabati lisilo na milango. Kila chumba kilikuwa na ukuta wenye kivuli cheupe pale kilipokuwa kichwa cha kitanda.

Kuna mama mmoja wa Bukavu anayepanda basi langu. Wakongomani tunao wengi kidogo mji huu, wameletwa kama wakimbizi kupitia shirika la IRC, na wengi wao kazi ya kwanza waliyopata ni kutandika vitanda hotelini. Yeye ametandika kwenye hoteli kadhaa, na hii mojawapo. Tulipopita akageuza shingo mpaka tukamaliza kona. Nikamwambia pole. "Aa, kaka," akasema, "miye siko na kilio ya ile nyumba. Kilio yangu ni mashuka. Mashuka mingi vile, zimeenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Shemeji, kwenye makadirio yenu wekeni mstari wa mashuka.

Agosti 2018

Kiwanja ni cheupe. Rais mpya wa chuo, Jim Ryan, ameanza kazi mwezi huu, na langoni kwake kuna ekari za udongo mwekundu. Udongo wa Virginia, ukiuona baada ya mvua, utadhani uko Iringa.

Novemba 2018

Nyasi.

Shemeji amecheka kwa ujumbe wa sauti wa dakika nzima. "Wamebomoa hoteli inayoingiza fedha wakapanda majani?" Ndiyo. Kulikuwa na kamati, kulikuwa na michoro ya jumla, kulikuwa na maneno kama "lango" na "kiunganishi", lakini jengo gani litakaa wapi, hapakuwa na jibu la mwisho. Wakashindilia, wakamwaga udongo mzuri, wakasia nyasi, wakaondoka.

Nimelifikiria hili nikiwa barabarani. Kwetu kiwanja kitupu cha umma hakilali usiku tatu. Wa kwanza anaegesha bodaboda, wa pili anaweka meza ya vocha, wa tatu anakuja na hati. Kwa hiyo huwa tunaacha jengo bovu limesimama, si kwa kulipenda, bali kwa sababu ndilo mlinzi. Hapa mlinzi ni daftari la mahakama lenye jina la mwenye ardhi, nyasi zinatosha.

Januari 2019

Jibu la nyasi limekuja. Jaffray Woodriff, mfanyabiashara wa masoko ya fedha aliyesoma hapa, na mkewe Merrill, kupitia mfuko wao wametoa dola milioni 120 kuanzisha Kitivo cha Sayansi ya Data. Ndiyo zawadi kubwa zaidi ya mtu binafsi katika historia ya chuo hiki, na gazeti linasema jengo litakaa kwenye ukanda wa Emmet na Ivy.

Angalia mpangilio, shemeji. Kwanza ardhi, miaka mingi kimyakimya. Kisha ubomoaji, msimu mmoja. Kisha fedha. Tajiri akija na hundi hakuti kesi ya mpangaji wala jengo lenye asbesto, anakuta nyasi. Sisi huwa tunaanza na tajiri. Anakuja na mchoro wenye minara ya vioo, tunapiga picha, halafu ndipo tunakwenda kuangalia kama kiwanja kina mgogoro.

Nitasema pia upande wa pili, nisionekane nimelewa Umarekani. Fedha hizi zinaamua. Hoteli ingefuatiwa na jengo la lugha kama tajiri angekuwa mpenda lugha. Amependa data, basi mlango wa chuo utakuwa wa data. Kijana mmoja anayesoma Kiswahili hapa (kinafundishwa, na kila akipanda basi ananiambia "shikamoo dereva" kwa sauti ya kusikika mpaka viti vya nyuma) aliniambia idara yao inashindania chumba cha darasa. Nikamwambia marahaba, kaa chini, tunaondoka.

Tarehe 25 Mei 2019

Leo si kona yetu, ila nimekwenda kwa miguu yangu siku ya mapumziko. Ukipanda Emmet kidogo, ng'ambo ya reli, kulikuwa na University Hall, ukumbi wa mpira wa kikapu wenye paa la kuba, uliofunguliwa mwaka 1965 na kuachwa timu ilipohamia ukumbi mpya mwaka 2006. Huu waliulipua.

Watu walileta viti vya kukunja na watoto mabegani. Ilisikika milio mfululizo, mikavu, kama mahindi yanayopasuka sufuriani, kisha kuba likakaa chini. Halikuanguka, lilikaa, kama mzee anayejishusha kwenye mkeka. Vumbi likapanda, watu wakapiga makofi. Mzee mmoja kando yangu hakupiga. Alikuwa akisugua kofia yake kwa kidole gumba.

Kitaalamu tofauti ni rahisi. Kuba lina nguzo zinazobeba kila kitu, ukizikata kwa wakati mmoja uzito wenyewe unamaliza kazi, na eneo pale lilikuwa wazi. Hoteli yetu ilikuwa imebanwa na barabara mbili na reli, nani angesaini karatasi ya baruti?

Desemba 2019

Abiria wangu mmoja, bibi Mmarekani mweusi wa umri wa mama yangu, ameniuliza kwa nini natazama sana lile pori la nyasi. Nikamweleza daftari. Akaniambia, kama unaandika habari za kubomoa mji huu, usianzie hapo, anzia Vinegar Hill.

Nilikuwa nalijua jina tu. Ilikuwa mtaa wa Waamerika weusi katikati ya mji, wenye nyumba, maduka, kinyozi, kanisa. Baraza la mji liliamua kuufyeka kwa jina la kuboresha, kura ikapigwa mwaka 1960, wakati ambapo ili upige kura Virginia ulilazimika kulipa kodi ya kichwa, na wengi wa waliohusika hawakuwa na uwezo huo. Katikati ya miaka ya 1960 tingatinga zikapita. Ardhi ikakaa tupu miaka kama ishirini. Na unajua baadaye kwenye sehemu yake kulijengwa nini? Hoteli.

Bibi alishuka bila kuaga. Tangu siku hiyo nyasi za kona naziona kwa jicho lingine. Nyasi zinaweza kuwa subira ya mwenye mali, na zinaweza kuwa kaburi la mtu mwingine, na ukiwa barabarani huwezi kuzitofautisha.

Machi 2020

Wanafunzi wamerudishwa makwao kwa sababu ya korona. Naendesha basi tupu. Kona iko vilevile.

Tangazo moja la mwezi huu ambalo shemeji atalipenda: Ryan amesema chuo na taasisi yake watatoa ardhi ili katika miaka kumi zijengwe nyumba 1,000 hadi 1,500 za bei nafuu. Chuo hakiuzi ardhi. Kinaikodisha kwa muda mrefu, mwendelezaji anatafuta mkopo, anajenga, anasimamia, na ardhi inabaki ya mwenyewe.

Shemeji akanijibu haraka: hiyo si ndiyo Mlimani City? Kwa umbo, ndiyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliikodisha ardhi yake ya Barabara ya Sam Nujoma kwa kampuni ya Mlimani Holdings, yenye asili ya Botswana, miaka 50, maduka yakafunguliwa mwaka 2006. Nilikuwa Dar wakati ule, nilikwenda kushangaa kiyoyozi kama wenzangu wote. Mgawo wa chuo katika kodi umejadiliwa bungeni zaidi ya mara moja, kwa hiyo sina la kuongeza. Ninachosema ni kwamba miaka 50 ni mirefu kuliko kumbukumbu ya kamati yoyote. Aliyesaini atastaafu, atakayefuata atastaafu, na wa tatu atafungua faili akute kurasa zimekula mchwa. Tofauti ninayoiona hapa ni kwamba kuna taasisi ambayo kazi yake pekee ni kulikumbuka hilo faili.

Aprili 2021

Mnara wa Kumbukumbu ya Wafanyakazi Watumwa, uliokamilika mwaka jana, umezinduliwa rasmi kwa njia ya mtandao. Si sehemu ya kona, ila uko kwenye ruti yangu, na siwezi kuandika juu ya majengo ya chuo hiki nikauruka. Chuo kilijengwa na watu waliokuwa mali ya watu wengine. Wanakadiriwa 4,000 walioishi na kufanya kazi hapa. Mnara ni duara la jiwe jeusi, kipenyo chake sawa na cha Rotunda, futi 80. Majina yaliyopatikana yamechongwa. Ambao majina yao hayakupatikana wamewekewa mkato mmoja mmoja kwenye jiwe, mkwaruzo wa kulala. Mvua ikinyesha maji yanakaa ndani ya ile mikato na kuchuruzika.

Kona yetu nayo itapata jengo jingine: Taasisi ya Demokrasia ya Karsh, baada ya Bruce na Martha Karsh kutoa dola milioni 50 mwaka huu. Basi kona imeshapata data na demokrasia. Hoteli nayo inarudi! Ndiyo, shemeji, umesoma vizuri. Mpango una hoteli na ukumbi wa mikutano, vyumba 214.

Mei 2021

Ujumbe wa sauti, dakika nne. Muhtasari wake: "Shemeji, wamevunja hoteli wajenge hoteli?"

Nimemjibu kwa maandishi, ili awasomee wenzake. Ile ya zamani ilikuwa ya msafiri wa gari: anaegesha mbele, analala, anaondoka. Jengo lilikuwa kisiwa ndani ya lami. Hii mpya ni ya mkutano: wageni wa kitivo, wazazi, maprofesa, watu wa demokrasia na watu wa data wakinywa kahawa moja. Inasimama pembeni ya uwanja wa kijani, na magari yanafichwa kwenye jengo lao. Ardhi ni ileile, kitanda ni kilekile, ila thamani ya kitanda imebadilishwa na jirani zake. Sijui kama mama wa Bukavu ataona tofauti kwenye mshahara.

Oktoba 2021

Wamechimba udongo wa kwanza wa jengo la Sayansi ya Data, kwa sepetu zinazong'aa na kofia ngumu zisizo na mkwaruzo. Kesho yake zikaja kofia zenye mikwaruzo.

2022

Mwaka wa jengo la maegesho na wa bwawa.

Maegesho nitayapitia haraka. Yamebanwa na reli upande wa nyuma, ghorofa kadhaa za magari. Miaka yote hiyo ya subira, na kilichotangulia kuota ni banda la magari. Abiria mmoja alisema ni kama kujenga msikiti ukaanza na kabati la viatu. Lakini msikiti bila mahali pa viatu, tunajua mlangoni panavyokuwa.

Bwawa ndilo lililonikosha. Kona iko kwenye bonde la kijito cha Meadow Creek, na kijito hicho kinamwaga maji yake mto Rivanna, Rivanna inaingia mto James, na James unakwenda ghuba ya Chesapeake. Enzi za hoteli, mvua ikipiga ile lami maji yalikimbia moja kwa moja kwenye mfereji wa chini yakiwa na mafuta ya magari. Sasa wamechimba katikati ya kiwanja, wakalifanya bwawa kuwa pambo na kazi kwa pamoja: maji ya mvua yanaingia, yanatulia, tope linazama, mimea ya kingo inachuja, kisha yanatoka polepole. Nimeona mvua ya kiangazi ikilijaza. Maji yalikuwa mekundu asubuhi, na keshokutwa yake yameanza kuwa meusi na safi, na bata wawili wamo, hawajui habari za kibali chochote.

Katika yote niliyomwandikia shemeji, hili ndilo lisilohitaji tajiri wa data. Linahitaji mtu wa kukubali kwamba sehemu ya chini kabisa ya kiwanja, ile ambayo kila mwendelezaji anataka kuifukia apate mita za mraba, iachiwe maji. Waliojenga Jangwani, lile bonde la mafuriko la Dar, wanaelewa.

2023

Winchi, zege, winchi. Ruti yangu imehamishwa kituo mara tatu. Mwajiri wangu hupenda kutangaza mabadiliko baada ya kuyafanya. Sina mengi.

Aprili 2024

Jengo la Sayansi ya Data limefunguliwa. Ghorofa nne, futi za mraba 61,000, michoro ya Hopkins Architects wa London. Nimeingia baada ya zamu, na sare. Hakuna aliyeniuliza. Vioo vingi, ngazi pana ya kukalia katikati, mabamba ya umeme wa jua juu. Nilisimama dirishani upande wa Emmet nikahesabu: miaka karibu sita tangu kijiko kingoe ukingo wa kwanza. Kutoka dirishani basi la mwenzangu lilionekana dogo, taa nyekundu ikilisimamisha palepale ninaposimamishwa mimi.

Shemeji, ndani ya muda huohuo, kamati yao imekutana mara nyingi. Nyumba ya wageni ingali imesimama. Walishauriana kuipaka rangi.

Novemba 2024

Nilikwenda Washington, kama kilomita 190 kaskazini mashariki, kwa msiba. Mwenyeji wangu alinipitisha Georgia Avenue kwenye eneo la Chuo Kikuu cha Howard, na akaniuliza kama najua kwamba barabara hii ilikuwa na hoteli yenye jina la Kiswahili. Sikujua. Ilifunguliwa mwaka 1978, ikaitwa Harambee House, hoteli ya mfanyabiashara mweusi, Ed Murphy, iliyojengwa kwa msaada wa serikali ya shirikisho. Biashara haikukaa sawa, Howard kikaichukua, kikaibadili jina ikawa Howard Inn. Hatimaye ikaacha kuwa hoteli kabisa, ikawa ofisi na duka la vitabu, ikaitwa Howard Center.

Nimeiandika kwa sababu ni shajara ya hoteli za vyuo, na kwa sababu imeniuma kidogo. Jina liliondolewa zamani, jengo likiwa bado lina afya. Zege lilikuwa imara kuliko neno letu.

Machi 2025

Hoteli mpya ina uso sasa, na jina: Virginia Guesthouse, kazi ya ofisi ya Deborah Berke ya New York. Nyumba ya wageni, basi. Nimemtumia shemeji jina hilo peke yake bila maelezo, naye akanirudishia alama kumi na mbili za kucheka.

Mama wa Bukavu ameomba kazi humo. Alinionyesha fomu kwenye simu, nikamsaidia kipengele cha uzoefu. Tulipofika kwenye "sehemu za kazi za awali" akasema, "Andika Cavalier. Watajua kama niko mwenyeji wa pale."

Jioni, giza likiingia, mafundi umeme walikuwa wakijaribu taa za vyumba, ghorofa moja moja, zinawaka zinazimika. Mzee mwenye fimbo, abiria wa siku zote, akavuta kamba ya kengele. "Nishushe Cavalier Inn," akasema, kama alivyosema jana na mwaka juzi. Ubao wa kituo haukuwahi kusema hivyo tangu 2018. Dar nilikuwa nikishuka kituo cha Sinza Kwa Remmy miaka ile Remmy Ongala, mwanamuziki mwenyewe, yu hai, na mdogo wangu ananiambia makonda bado wanapaita hivyo.

Nikasimamisha basi, nikashusha ngazi.